Ziwa lililokuwa juu ya barabara ya baba

Baba yangu aliendesha lori kati ya Mbeya na Malawi kwa miaka 19. Alibeba saruji kutoka Songwe, alibeba mbolea na sukari, mara nyingine mitungi ya gesi, akashuka nayo Kasumulu, akavuka mto Songwe na kuingia Karonga. Kuna safari zilizomfikisha Mzuzu. Barabara yake ilipita kati ya milima miwili iliyozaliwa na moto. Ukitoka Uyole kuelekea Tukuyu, kushoto kwako ni Rungwe, kulia ni Uporoto, na kwenye tumbo la Uporoto kuna mlima Ngozi wenye ziwa ndani yake.

Baba alilijua ziwa hilo kwa jina. Matingo walikuwa wakilisimulia. Hakuwahi kuliona.

"Ningesimama wapi?" aliniambia siku moja nilipomuuliza kwenye simu. "Una mzigo wa watu, mpakani kuna foleni, halafu ukisimama pale mlimani kuondoka tena ni kazi nyingine."

Jibu lile lilinikaa moyoni. Nilianza kuhesabu. Tuseme mara mbili kwa wiki, kwenda na kurudi, kwa miaka yote ile. Alipita chini ya ziwa lile zaidi ya mara elfu, na mara nyingi alipita polepole sana, kwa sababu kurudi na mzigo kutoka bondeni ni kupanda tangu karibu mita 500 kule mpakani hadi kupita mita 2,000 hapo Isyonje. Lori zee lililobeba tani nyingi linapanda pale kwa namba moja, mwendo wa mtu anayetembea. Tingo anashuka, anatembea kando ya tairi la nyuma akiwa na gogo mkononi, tayari kulisukumiza chini ya tairi injini ikizima.

Septemba mwaka jana nilichukua likizo, nikaendesha kutoka Dodoma kupitia Iringa hadi nyumbani Uyole. Jioni ile baada ya kula nikamwambia, "Baba, kesho tunaenda Ngozi." Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza tairi zangu zina hali gani.

Ana miaka 71. Goti la kulia lilishamchosha, na daktari alishamwambia asipande ngazi ovyo. Nilijua hilo nilipomwambia kesho tunaenda. Nitalirudia.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Mama alitufungia chapati na chupa ya chai, akaongeza sweta mbili kwa kila mtu, na alikuwa sahihi, maana Uporoto haina msimu wa kuamini. Igawilo ilikuwa na jua. Tulipofika Isyonje, njia panda ya kwenda Kitulo, ukungu ulikuwa umelala barabarani na wauza viazi walikuwa wamejifunika mablanketi, wamekaa nyuma ya ndoo zao zilizojazwa hadi kilele. Viazi mviringo, kabichi, karoti, pareto kwenye miinuko: udongo ule ni majivu ya volkano yaliyooza kwa maelfu ya miaka, mweusi kama kahawa iliyosagwa, na hauchoki kuzaa. Wajiolojia wanasema hapa ndipo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana, moja likielekea Rukwa, moja Usangu, jingine likishuka kuwa Ziwa Nyasa. Ardhi inavutwa pande tatu. Ndiyo maana kwenye eneo dogo hivi kuna volkano kubwa tatu, Ngozi, Rungwe na Kyejo, na Kyejo ilimwaga uji wake wa moto mara ya mwisho miaka 200 hivi iliyopita. Hiyo ni juzi tu. Kuna babu wa babu wa mtu aliyeuona.

Isongole tukakata kulia, tukaacha lami.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa miaka yote sikuwahi kumwendesha baba kwenye njia mbaya. Gari langu ni dogo, la otomatiki, tumbo lake liko karibu na ardhi. Njia inapita kati ya mashamba, imechimbwa na matairi ya matrekta na maji ya masika, ina mitaro miwili mirefu na mgongo katikati. Mimi nilikuwa nafuata mitaro kwa sababu ndiko walikopita wengine.

"Toka humo," baba akasema. "Tairi moja weka juu ya mgongo, jingine weka kingoni. Usifuate njia ya lori ukiwa na gari la mjini."

Nikatoka. Gari likainama upande, lakini tumbo likaacha kukwaruza.

"Weka L. Mguu usitetemeke. Gari likijua unaogopa linazima."

Alinisomea njia hivyo kilomita zote zile, mkono wake wa kushoto ukiwa umeshika mpini wa juu ya mlango, mkono wa kulia ukitembea hewani kama bado umeshika usukani. Sauti yake ilibadilika. Ilikuwa ile sauti niliyoisikia utotoni nilipopanda naye hadi Kiwira siku za likizo, sauti ya mtu asiye na wasiwasi. Tangu astaafu sikuwa nimeisikia.

Gari linaishia kwenye mashamba. Mbele yake msitu unasimama kama ukuta, na kutoka hapo ni miguu yako. Ni msitu wa hifadhi, kuna kiingilio, na unapewa kijana wa kukuongoza. Kijana wetu alimwamkia baba, akamtazama mguu, kisha akanitazama mimi bila kusema neno. Alienda kukata mwanzi, akauchonga kichwa kwa panga, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Mzee, hii itakusaidia."

Kwa mtu mwenye miguu mizima, kupanda hadi ukingoni ni saa moja au zaidi kidogo. Njia inaanza kwa upole chini ya miti mikubwa iliyofunikwa na kuvumwani, kisha inaingia kwenye migomba mwitu yenye majani mapana kuliko mlango, na mikangaga mirefu kama minazi michanga. Kulukulu alipita juu yetu, na alipofunua mabawa tukaona wekundu wake, ule wekundu ambao akiwa ametulia tawini huwezi kudhani anao. Mbali kidogo mbega walikuwa wakinguruma. Ng'ambo ya barabara, kwenye msitu wa Rungwe, kuna nyani mwingine, kipunji, ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005. Duniani kote anaishi Tanzania tu, kwenye misitu ya huku Rungwe na Livingstone, na kipande kidogo cha Udzungwa. Wawindaji wa hapa walikuwa na jina lake kabla ya hapo, na jina lao ndilo lililobaki.

Baba alitembea kwa dakika 40. Alitembea vizuri, akisimama kila palipo na mzizi mkubwa, akivuta pumzi, akiendelea. Tulipofika kwenye mianzi njia ikasimama wima. Pale unapanda kwa kushika mashina, na udongo una utelezi hata wakati wa kiangazi kwa sababu ukungu hauuachi ukauke. Aliweka mguu wa kushoto, akajivuta, akaweka wa kulia. Nikaona uso wake.

"Basi," alisema. "Mimi nakaa hapa."

Nilianza kusema tutakwenda polepole, kwamba tunayo siku nzima. Akanyoosha mkono kunizuia. "Nenda wewe. Ukirudi utaniambia."

Nataka kusema jambo ambalo nimelishikilia kwa muda mrefu. Mimi ni miongoni mwa wanaosema barabara isifike ukingoni mwa Ngozi. Kila mara hoja ya kuvutia watalii inapoletwa, kuna mtu anayependekeza ichongwe njia ya magari hadi juu, liwekwe eneo la kuegesha, vijengwe vibanda. Nimepinga jambo hilo mbele ya ndugu na rafiki kwa maneno makali. Na sasa nilikuwa nimesimama kwenye mianzi, baba yangu amekaa juu ya gogo, ameweka fimbo kati ya magoti, na ziwa aliloliota liko dakika 20 juu ya kichwa chake. Kama barabara ingekuwapo angelifikia akiwa amekaa kwenye kiti. Nilipanda kipande kilichobaki nikiwa na uzito huo.

Juu kulikuwa kweupe tupu. Ukungu ulikuwa umejaa ndani ya mlima kama maziwa kwenye bakuli, na usingejua kama chini yako kuna mita kumi au elfu. Kijana akasema tusubiri. Tukasubiri karibu nusu saa, tukisikia upepo ukipanda kutoka chini, wa baridi, wenye harufu ya majani mabichi. Akanisimulia hadithi ya wazee, kwamba ziwa hili zamani lilikaa mahali pengine, watu wakalifukuza kwa mawe ya moto, likahama usiku na kuja kujificha huku. Nilimpenda kwa namna alivyoisimulia, bila kutabasamu, kama mtu anayeeleza ukoo wake ulikotoka.

Kisha ukungu ukafunguka kwa chini. Kwanza likaonekana duara moja la kijani, dogo, mbali mno kuliko nilivyotarajia. Likatanuka. Kuta zikatokea pande zote, wima, zimevikwa msitu hadi kwenye maji, na maji yametulia bila mkunjo, rangi ya jani la mgomba linapopigwa na jua kwa nyuma. Urefu wake ni kilomita mbili na nusu hivi. Kina kinapita mita 70. Kutoka nilipokuwa hadi maji kulikuwa na zaidi ya mita 200 za ukuta, na hakukuwa na nyumba, mtumbwi, moshi wala sauti ya mtu. Kijana akanionyesha kwa kidole, hapa pembe ya Afrika, hapa Ghuba ya Guinea, hapa inaishia Rasi. Wenyeji husema ziwa lina umbo la ramani ya bara letu. Ukishaonyeshwa huwezi kuacha kuliona.

Mlima huu zamani ulikuwa na kilele. Ulilipuka, tumbo lake likabaki tupu, na paa likadidimia ndani. Shimo lililobaki ndilo linalobeba maji. Nilipiga picha nyingi na video moja ndefu, nikizungusha simu taratibu kutoka ukuta hadi ukuta, nikitaja kwa sauti kila kitu ninachokiona. Njia ya kushuka hadi majini ipo lakini ni ya hatari, na mimi nilikuwa na mtu ananisubiri. Kabla ya kuondoka tukaokota chupa za plastiki zilizoachwa pale ukingoni. Tulijaza mfuko mzima wa kijana. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, chupa hazikuguswa, na hata huku ambako mtu amepanda kwa jasho lake, kuna anayekunywa maji akiwa ametazama uzuri ule na kuidondosha chupa miguuni pake.

Baba alikuwa palepale. Nilimwonyesha video. Aliitazama yote hadi mwisho, akairudia. Kisha akaanza maswali, na yalikuwa maswali ya dereva.

"Mto unaoingia uko wapi?"

Nikasema hakuna mto mkubwa unaoingia. Ni mvua na chemchemi za ukutani.

"Na unaotoka?"

"Hakuna, baba."

"Basi maji yanakwenda wapi? Hapa mvua hainyeshi kidogo."

Nilimweleza ninavyojua. Mengine yanapanda kuwa mvuke, mengine yanapenya chini kupitia nyufa za mwamba. Huko chini bado kuna joto la volkano. Serikali ina kampuni yake ya jotoardhi, iliyoanzishwa mwaka 2013, nayo imekuwa ikiutafuta mvuke wa Ngozi ili uzungushe mitambo ya umeme. Na kutoka chini hukohuko hewa ya ukaa inapanda, inapita kwenye maji ya ziwa, inatokea juu bila kuonekana.

Akaniangalia. "Ile ya kwenye mitungi?"

Ile ile. Upande wa Kyejo hewa hiyo inatoka ardhini kwa wingi hadi inavunwa na kutiwa kwenye mitungi, na ndiyo inayotoa povu kwenye soda. Baba alikuwa amebeba mitungi yake kwa miaka bila kujua kwamba ni pumzi ya milima iliyokuwa kando ya dirisha lake. Akauliza kama haiui. Nikamwambia kule Kamerun, mwaka 1986, ziwa Nyos lilitapika hewa hiyo usiku mmoja na watu zaidi ya 1,700 wakafa kwa kukosa hewa, ila Ngozi lina tabia nyingine. Maji yake ya juu na ya chini huchanganyika, kwa hiyo hewa inatoka kidogo kidogo badala ya kujilimbikiza kilindini.

Alikaa na jambo hilo. Halafu nikamwuliza lile lililonisumbua. Nikasema, baba, kama wangechonga barabara hadi juu, leo ungeliona kwa macho yako.

Alichukua muda kujibu. "Nimeona barabara nyingi zikichongwa," alisema. "Mwaka wa kwanza unapita na miti. Mwaka wa pili kuna magunia ya mkaa pembeni. Mwaka wa tatu kuna kibanda cha chipsi, na mti wa kivuli umebaki mmoja." Akashika fimbo, akainuka. "Goti ni langu. Mlima haujanikosea."

Tulishuka mikono imeshikana sehemu zenye utelezi.

Ningeishia hapo kama si kijana wetu. Wakati wa kuagana alimwambia baba, "Mzee, umeshafika Kisiba? Kule gari linafika hadi majini." Baba hakuwahi. Kisiba, ambalo wengi wanaliita ziwa Masoko, haliko kwenye njia ya malori. Tukalala Tukuyu, mji unaopata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na usiku ule ilinyesha hata kama Septemba ni kiangazi. Asubuhi tukashika barabara ya Ipinda. Chai ilikuwa imekatwa sawasawa kama zulia, parachichi zimening'inia kwenye miti michanga iliyopandwa kwa mkopo, migomba imefunika nyumba hadi paa. Baada ya mwendo wa kilomita 15 hivi, miti ikafunguka na maji yakawa pale, chini ya barabara, unayafikia kwa hatua chache.

Kisiba ni dogo. Wala halikuzaliwa na mlima uliodidimia. Lilizaliwa pale uji wa moto ulipokutana na maji chini ya ardhi, ukalipuka mara moja na kuacha shimo la mviringo. Watafiti walichimba tope la sakafuni mwake na kulisoma tabaka kwa tabaka, wakapata kumbukumbu ya mvua na ukame ya zaidi ya miaka 40,000. Kando yake limesimama jengo la mawe la Wajerumani la mwaka 1912, lililokuwa ngome yao na baadaye likawa mahakama. Wazee wa hapo husema Wajerumani walipokimbia Vita Kuu ya Kwanza waliitumbukiza hazina yao ziwani, na kwamba sarafu zao zimewahi kuokotwa.

Baba hakuuliza habari za sarafu. Alifungua mlango mwenyewe, akashuka, akaenda hadi ukingoni. Akavua viatu. Akaingia hadi vifundoni, suruali ameikunja, na akasimama hivyo muda mrefu akitazama ng'ambo. Mama mmoja aliyekuwa akifua alimsalimia kwa Kinyakyusa, baba akajibu, wakaongea kuhusu baridi na bei ya ndizi. Aliporudi alikuwa na chupa yetu ya maji mkononi, ameijaza. "Ya rejeta," alisema, akaiweka kwenye buti. Gari langu halikuhitaji maji. Lakini miaka 19 hakuwahi kupita kwenye maji safi bila kujaza.

Tukarudi mchana. Baada ya Kiwira mlima ukaanza, na karibu na Isongole akaniomba nisogee pembeni. Palikuwa na nafasi ya kutosha magari mawili, chini ya mikaratusi. Hapo ndipo alipokuwa akipumzisha injini. Alishusha kioo akatazama kushoto, juu, kwenye mgongo wa msitu uliofunikwa na wingu. Kwa mara ya kwanza alijua atazame wapi.

Lori la ndizi lilikuwa linapanda nyuma yetu, zee, likinguruma kwa namba moja. Tingo, kijana wa miaka 20 hivi, alikuwa akitembea kando ya tairi na gogo lake begani. Alipotufikia baba akamwita.

"Kijana! Unajua juu hapo kuna nini?"

Tingo hakusimama, maana tairi halikusimama. "Shikamoo mzee. Kuna ziwa, wanasema."

"Umelifikia?"

"Bado!" alijibu, akiwa ameshatupita.

"Nenda ungali na magoti!" baba akampigia kelele, kichwa nje ya dirisha, hadi lori likaingia kwenye kona.